Ulimi wa Mutamaiyo

Bondeni, Nakuru
Tarehe 15 Septemba, 1957

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi mkazamwana wako Chepkosgei, mke wa marehemu Kiprugut. Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na moto, maana najua baridi ya Molo mwezi huu haina huruma hata kwa mwenye mablanketi mawili. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Jeruto bado ipo, au ameimaliza kwa kujipaka mwenyewe akienda sokoni? Na yule ng'ombe mwekundu aliyependa kupiga ndoo teke, bado anakamuliwa na wewe peke yako? Nawaulizia wote, hata yeye.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Tumbo limekuwa kubwa hata nikisimama sioni miguu yangu. Jirani yangu Nabalayo, mama mmoja Mluhya mwenye moyo mwema na maneno makali, hunichotea maji bombani na kunigombeza akinikuta nimeinama kufua. Anasema mtoto atafika kabla mwezi ujao haujaisha.

Jeruto, shemeji yangu, najua ni wewe unayesoma. Mimi nilifundishwa kuandika kwa Kiswahili tu, kwa hiyo kazi ya kumgeuzia mama kwa lugha yetu ni yako. Kama kuna wageni hapo ndani, ikunje barua hii usubiri waende. Kisha soma polepole, wala usiruke neno lolote kwa kumwonea mama huruma. Nikigundua umeruka, tutakosana mimi na wewe.

Mama, miezi mitatu imepita tangu tumzike Kiprugut, na sikukuandikia hata mstari mmoja. Sitaki kukuficha: nilikuwa nimekukasirikia. Nilisimama pale makaburini mvua ikininyeshea, na kila lori la kutoka Molo lilipopita barabarani niligeuka nikidhani utashuka. Akashuka Jeruto peke yake. Jeneza likateremshwa, udongo ukarudishwa, na mama yake hayupo. Siku ile niliapa moyoni kwamba sitakuita mama tena. Unaona nimeshindwa, maana nimekuita hivyo tangu mstari wa kwanza.

Jioni ya siku hiyo Jeruto alinieleza kwa nini hukuja. Alisema kwamba Kiprugut alipokuja kuwatembelea mwezi wa tatu, mlikaa ndani usiku, ukamwambia kwa uchungu kwamba dada yako mkubwa, yule aliyemlea akiwa mdogo, amefariki. Naye akatikisa kichwa, akatabasamu, akakujibu kwamba hiyo ni habari njema. Ukamuuliza kama amelewa, akaendelea kutabasamu. Hukusema naye tena usiku ule. Asubuhi akaondoka mapema, na wewe moyo ukakulainika, ukachukua kibuyu cha mursik ulichokuwa umemtengenezea, ukamfuata njiani ukimwita jina lake. Wachumaji wa pareto walisimama wakitazama. Yeye akaenda tu, hakugeuka, hakuitika. Ukayamwaga maziwa pale pale barabarani na kusema mbele ya wote kwamba kinywa chako hakitaliita jina lile tena. Jeruto alisema tangu hapo ulimwita yule wa Nakuru, na habari ya kifo ilipofika ukafunga mlango.

Nilimsikiliza Jeruto mpaka mwisho. Jibu nilikuwa nalo. Lakini nilikuwa nimefungwa na ahadi niliyompa Kiprugut, na hasira yangu nayo ikanisaidia kuitunza ahadi hiyo.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Ni habari ya kazi yake, kwa hiyo univumilie nikizungumza mambo ya mbao kana kwamba mimi ni fundi.

Mwezi uliopita Bwana Peterson, mwenye karakana, alimtuma kwangu mtu anayeitwa Kipsang. Kipsang ni mtu mzima, baba wa watoto, na ndiye aliyepewa msumeno aliokuwa akiusimamia mume wangu. Alinisalimu kwa adabu, akazungukazunguka kidogo, mwishowe akauliza kama marehemu aliuacha ulimi wake nyumbani. Nikamwambia ndiyo, uko mvunguni mwa kitanda, umefungwa katika koti lake.

Huenda hukuwahi kuuona msumeno wenyewe, mama. Ni meza ya chuma, na katikati yake duara la meno limechomoza, linazunguka kwa umeme. Kando ya meno kuna mfereji mwembamba uliochimbwa kwenye chuma kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ndani ya mfereji huo huteleza ufito wa mbao ambao mafundi huuita ulimi, na juu ya ulimi kumepigiliwa kibao kwa kukingama. Fundi huegemeza mbao yake kwenye kibao, kisha husukuma vyote pamoja kuelekea kwenye meno. Ulimi ukilegea, hata kwa unene wa karatasi, mbao huyumba ikakatwa upande. Mlango utakaotoka hapo hautafunga, na dirisha litapitisha upepo. Ulimi ukibana, hukwama katikati, na mtu akiulazimisha kwa nguvu mkono wake huweza kwenda mahali ambapo hakuukusudia. Kwa hiyo lazima ukae sawasawa, usibane wala usilegee.

Aliyemfundisha Kiprugut ni Kang'ethe, fundi aliyeushika msumeno ule kabla yake, hadi ilipokuja Hali ya Hatari na Wakikuyu wakapakiwa kwenye malori kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali. Kang'ethe alipandishwa lorini na vumbi la mbao bado limo kwenye nywele zake, na hatujapata habari zake hadi leo. Alikuwa ameshamwonyesha Kiprugut kwamba ulimi mzuri hutengenezwa kwa mutamaiyo, mti ule mgumu, uliowekwa darini ukakauka taratibu, na kwamba macho hayatoshi kuupima. Unauzima msumeno, unausukuma ulimi kwenye mfereji wake na kusikiliza. Uliolegea hugongagonga. Uliobana hulia kama mlango wenye kutu. Uliokaa sawa unasikika kidogo tu, kama mtu aliyelala akivuta pumzi.

Tena mbao haitulii. Kiangazi cha Nakuru huikausha ikasinyaa, mvua ikija inavimba. Kwa hiyo kila majira ulimi ule ulikuwa na matengenezo yake. Ukivimba aliukwangua kwa kigae cha chupa, kidogo kidogo, maana mbao ikishatoka hairudi. Ukisinyaa, alikuwa ameupasua kidogo kwenye ncha na kutia skrubu, akiikaza ule mpasuo unapanuka kiasi cha unywele. Kisha aliupaka mafuta ya kondoo. Mafuta ya nani? Yangu mimi, ya kupikia! Nimegombana naye kwa ajili ya mafuta hayo kuliko kwa jambo lingine lolote katika ndoa yetu.

Halafu siku moja meza ya msumeno wa zamani ilipasuka, wakaitupa nje ya karakana. Kiprugut akaona kipande chenye mfereji kama ule ule, akakileta nyumbani kwa mkokoteni. Mama, nilipiga kelele mtaa mzima ukajua. Chumba chetu ni kimoja, kitanda hapa, jiko pale, naye ananiletea chuma kizito kunishinda! Baadaye nilizoea, nikawa naweka sufuria ya chai juu yake.

Basi kila jioni tukishakula, niliondoa sufuria, naye akaleta ulimi, akaupaka mafuta na kuusukuma kwenye kile chuma. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Alinitazama usoni, nami nikasema unagonga, au unalia, akakwangua tena au akakaza skrubu, mpaka niseme umenyamaza. Hapo alicheka kwa furaha kama mtu aliyepandishwa cheo. Kwa nini alihitaji mimi nimsikilizie, nitakuambia hapo chini. Wanawake wengine wa Bondeni waume zao huwaletea leso mpya, mimi nililetewa ulimi wa msumeno. Leo ningetoa kila leso niliyo nayo nipewe jioni moja tu ya zile.

Nikampa Kipsang ulimi ule, maana alisema ameshatengeneza wake na kila aliotengeneza ama umekwama ama umeyumba, na madirisha ya watu yamerudishwa. Baada ya siku chache akarudi nao. Alisema hata huu umebana. Nilijua sababu. Ulikuwa umelala mvunguni mvua yote ile, na hakuna aliyeugusa. Kipsang aliogopa kuukwangua akauharibu, ukawa hauna dawa. Nikakitafuta kigae cha Kiprugut, nikajifunga leso kichwani, nikamfuata karakana na tumbo langu hili.

Niliomba msumeno uzimwe. Nikainama karibu na ile meza, Kipsang akasukuma, nami nikasikiliza. Unalia. Akakwangua pale nilipomwonyesha kwa kidole, akausukuma tena. Bado unalia, lakini kidogo. Mmoja wa mafundi akacheka kuona mwanamke mjamzito ametega sikio kwenye chuma, Bwana Peterson akamtazama, akaacha. Tuliendelea hivyo muda mrefu. Kisha ulimi ukapita kutoka ukingo hadi ukingo kwa ule mvumo mdogo wa pumzi, nami nikasema kama nilivyozoea, umenyamaza. Niliposema hivyo nikainua macho kutafuta uso wa kucheka, nikamwona Kipsang. Machozi yakanishika mbele ya wanaume wote wale.

Bwana Peterson akataka waujaribu kwa mbao. Msumeno ukawashwa. Mimi nikawapa mgongo, nikaenda kusimama karibu na mlango nijipanguse. Mama, sauti ile ni kubwa hata unaisikia kifuani na kwenye meno yako. Nilisimama hapo nikitazama nje, sijui kwa muda gani, mara mkono ukanishika bega. Nilishtuka karibu nianguke. Alikuwa Kipsang, ameshika leso yangu, kumbe ilikuwa imeanguka kule mezani. Aliweka mdomo karibu na sikio langu, akasema ameniita jina langu tangu kule hadi hapa, ameita hata akadhani nimekataa kuitika kwa sababu yeye amechukua nafasi ya mume wangu. Alikuwa nyuma yangu kabisa akiniita, na mimi sikusikia chochote.

Nilirudi nyumbani. Nililala kitandani mchana kutwa nikikufikiria wewe na kibuyu chako njiani. Hapo ndipo hasira yangu ilipokwisha, na nikajua kwamba ahadi niliyokuwa nikiitunza sasa inamdhulumu aliyeniapisha.

Jeruto, soma vizuri hapa. Mama, mwanao alikuwa kiziwi.

Masikio yalianza kumwacha akiwa kijana, kule kiwanda cha mbao cha Elburgon, na huu msumeno wa Nakuru ukamaliza yaliyobaki. Miaka miwili ya mwisho alikuwa hasikii mtu asiyemwona usoni. Pale kazini hakuna aliyegundua, kwa sababu karibu na msumeno kila mtu huzungumza kwa mikono. Kanisani aliimba kwa kutazama mdomo wangu. Tulipokuja Molo nilikaa karibu naye, na mtu akimwita kutoka nyuma nilimgusa goti ageuke. Nilimfuata mpaka zizini, nawe ukanitania mbele ya wanawake wenzako kwamba nina wivu, kwamba naogopa nitaibiwa mume na ng'ombe. Nilicheka nanyi, lakini sikuweza kukuambia.

Aliniapisha nisimwambie mtu. Fundi wa msumeno asiyesikia meno yanavyolia angefukuzwa siku hiyo hiyo. Lakini hilo halikuwa kubwa kwake. Kubwa lilikuwa wewe. Alisema bado anaikumbuka sauti yako ya kuwaita ng'ombe jioni, anaisikia kichwani akifumba macho, na hataki ujue kwamba amebaki na ile ya zamani tu. Alisema ukijua utalia, naye hataweza kukusikia ukilia.

Ule mwezi wa tatu aliowatembelea, mimba ilikuwa changa, nilikuwa natapika siwezi kupanda lori. Akaja peke yake. Laiti ningejikaza! Alinisimulia aliporudi kwamba usiku ule taa ilikuwa imezimwa, na wewe ulikaa upande wa giza, akaona kivuli chako tu. Alijua unamwambia jambo. Mchana kutwa mlikuwa mmezungumza habari za yule ng'ombe mwekundu kutaka kuzaa, akakisia kwamba unamwambia amezaa. Ndiyo maana akakujibu kwamba hiyo ni habari njema. Mama, alikuwa anafurahia ndama. Ulipouinamia moto akauona uso wako umebadilika, akaogopa kuuliza, akatabasamu, kama alivyofanya kila mara alipopotea katika maneno ya watu.

Na asubuhi, ulipomfuata na kibuyu, alikuwa amekupa mgongo. Hakuna jambo lingine zaidi ya hilo. Alifika hapa akiwa na huzuni, akaniuliza mama ana nini na yeye, maana safari hii hakumsindikiza wala kumpa maziwa. Alikaa siku nyingi akitafuta kosa lake bila kulipata. Kwamba mama yake mkubwa amefariki hakujua. Kwamba ulimwita hakujua. Amekwenda kaburini bila kujua.

Hata kifo chake kilikuja hivyo hivyo. Alikuwa ameinama uani mwa karakana akichagua mbao, na lori lilikuwa likirudi nyuma. Dereva alipiga honi, watu walipiga kelele. Watu walinong'ona makaburini kwamba alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa, mama. Nilimtazama akinywa chai yake asubuhi ile, na ulimi ulibaki nyumbani kwa sababu nilikuwa nimemwambia bado unalia kidogo, tuumalize jioni; ndiyo maana siku hiyo alikuwa uani, si kwenye msumeno.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyafungia moyoni. Sijakuandikia ili nikutie hatia. Nimekasirika vya kutosha, na wewe umeumia vya kutosha, na sisi wawili ndio tuliompenda kuliko watu wote. Ninalo ombi moja.

Sisi ni watu wa kanisa na mtoto huyu atabatizwa. Lakini unajua kama ninavyojua kwamba mtoto wa kwetu akizaliwa lazima akina kogo, bibi zake, wakae naye, wamwitie majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya kwa lile analolikubali. Nabalayo amejitolea kukaa nami, ila majina yetu hayajui. Nataka uje wewe. Nataka katika majina utakayoyaita uliite la Kiprugut. Wengine watasema si kawaida mtoto kuitiwa baba yake aliyekufa juzi, na hilo nakuachia wewe uliye mkubwa uamue. Najua ulisema mbele ya watu kwamba kinywa chako hakitaliita jina lile. Nakuomba ulivunje neno lako, kama mimi nilivyolivunja langu leo.

Kipsang sasa ana ulimi wake mwenyewe, tuliusikiliza pamoja mpaka ukakaa. Wa Kiprugut nimeurudisha nyumbani, nimeupaka mafuta, uko ndani ya koti. Utauona ukija. Nisalimie majirani wote wa hapo shambani, na wale wachumaji wa pareto waliokuwa njiani siku ile, uwaeleze au usiwaeleze, upendavyo. Jeruto, ahsante kwa kusoma. Mshike mama mkono, kisha umsindikize mwenyewe mpaka kwenye lori.

Mama, usiniletee kitu isipokuwa kibuyu cha mursik. Mtoto akizaliwa mpakate, kisha mwite baba yake kwa ile sauti yako ya kuwaitia ng'ombe jioni. Mwite, mama. Safari hii atasikia.

Ni mimi, mtoto wako,
Chepkosgei